Dawa ya Bluu

Wiki ile Kinyozi alinyoa wachache na kuwatangazia wengi. Kila aliyekaa kwenye kiti chake, kabla hajaulizwa anataka mtindo gani, aliambiwa kwamba Bosi anakwenda kushonwa mdomo. Madaktari wamekuja kutoka nje, wamepiga kambi hospitalini, hawatozi hata senti. Jumatatu mtoto anapimwa, Jumatano anaingia chumba cha upasuaji. "Mkirudi kunyoa tena mtakuta mtoto mwingine," aliwaambia, mashine ikinguruma nyuma ya masikio yao. Mtu ambaye kwa miezi minane akiulizwa habari za mtoto alijibu "mzima" na kuhamishia mazungumzo kwenye mpira, sasa alikuwa hashikiki.

Bosi alikuwa binti yake wa kwanza. Alizaliwa na mdomo wa juu umepasuka hadi puani, na kaakaa nalo wazi. Jina la utani alipewa na bibi yake, mama yake Kinyozi, kwa sababu tangu siku ya kwanza hakuna aliyepata usingizi nyumba ile bila ruhusa yake. Ziwa lilimshinda kushika, kwa hiyo mama yake alimkamulia maziwa na kumlisha kwa kijiko. Hata kijiko kilimchosha. Anameza mara mbili tatu, jasho linamtoka kwenye paji la uso, anahema, analala kabla kikombe hakijafika nusu.

"Ni huo mdomo," alisema Kinyozi.

"Mdomo tu," alisema bibi.

Haongezeki uzito, ni mdomo. Anahema kama aliyepandisha mlima, ni mdomo. Nyumba ile kila kosa lilikuwa la mdomo. Mama Bosi, aliyekuwa akishona sare za shule pale sebuleni, alisikia hayo na kuitikia, maana alitaka sana yawe kweli. Lakini hakutulia. Alikuwa akiinuka kwenye cherehani katikati ya mshono, anakwenda kumtazama mtoto kifua kinavyopanda na kushuka, anarudi, anakanyaga pedali, anainuka tena. "Wewe mwanamke utatoboa sakafu," bibi alimwambia. "Kaa. Mtoto haibiwi."

Bibi mwenyewe alikuwa na kazi yake moja ambayo hakumwachia mtu. Kila asubuhi, hata kabla ya chai, alichukua kichupa cha dawa ya bluu, ile wanayopakwa watoto wenye utando mdomoni, akazungushia pamba kwenye kidole na kumpaka mjukuu wake midomo, ufizi, mpaka ndani. Utando wenyewe ulishapona zamani. "Ni kinga," alisema. "Uwazi kama huo unakaribisha kila mdudu." Basi Bosi alikuwa na mdomo wa bluu siku zote, na vidole vya bluu kwa kuvinyonya. Mashuka yalikuwa na madoa ya bluu, na kidole cha bibi kilikuwa kama cha mtu aliyetoka kupiga kura.

Jumatatu kibaraza cha hospitali kilijaa akina mama wenye watoto waliofunikwa nyuso. Walikaa wakipeana migongo, kila mmoja na siri yake, mpaka mmoja akachoka na joto akamfunua wake, na wa pili akafunua, na kufikia saa ya chai kibaraza kizima kilikuwa wazi na watoto wanatazamana. Mama Bosi alimfunua Bosi. Ilikuwa mara ya kwanza kufanya hivyo nje ya nyumba, na alijikuta analia kidogo, si kwa huzuni.

Kinyozi alikuwa mlangoni akitaniana na Mlinzi wa hospitali, mteja wake wa siku nyingi, aliyewasogeza mbele ya foleni kwa heshima ya kichwa chake kilichonyolewa vizuri. Ndiyo sababu waliitwa mapema.

"Huyu kapakwa nini?" nesi aliuliza.

"Dawa ya bluu," Mama Bosi alijibu.

"Tumfute. Daktari wa usingizi anataka kuona rangi ya midomo."

Bibi, aliyekuwa amewasindikiza, alicheka. "Daktari wa usingizi? Naye analipwa kwa kulala?"

"Analipwa ili wengine waamke, bibi," alisema nesi, na akachovya pamba kwenye maji.

Pamba ya kwanza ilitoka bluu tupu. Ya pili ilitoka bluu hafifu. Ya tatu ilikuwa na doa moja. Ya nne ilitoka nyeupe kama ilivyoingia, na midomo ya Bosi bado ilikuwa ya bluu. Nesi aliiangalia ile pamba, akaangalia midomo, akachukua mkono wa mtoto na kutazama kucha. Alileta kibanio chenye taa nyekundu, cha kupimia hewa kwenye damu, akakibana kwenye kidole cha mguu, akasoma namba, akakihamishia kidole kingine kama mtu asiyeamini mizani, akasoma tena. Bibi alikuwa ametazama ukutani.

Daktari wa usingizi alikuwa mwanamke mwenye miwani na sauti ndogo. Alipasha moto kipimo chake kwenye kiganja kabla ya kukiweka kifuani kwa mtoto. Alisikiliza mbele, akasikiliza ubavuni, akamgeuza akasikiliza mgongoni. Ilichukua muda mrefu mno.

"Huyo ana moyo wa simba, daktari," alisema Kinyozi, aliyekuwa ameingia akitabasamu.

Daktari hakucheka. "Moyo wake una sauti ambayo haikutakiwa kuwepo, baba. Kama maji yanayopita kwenye bomba lililobanwa."

Aliwaeleza polepole. Alidhani moyo una tundu katikati, na mshipa wa kupeleka damu mapafuni umebana, kwa hiyo damu inazunguka mwilini bila kupata hewa ya kutosha. Ndiyo rangi ile. Ndiyo jasho, ndiyo kuchoka na kijiko. Mdomo na moyo hujengeka wakati mmoja mtoto akiwa tumboni, na ikitokea hitilafu wakati ule, mara nyingine inagusa vyote viwili. Si wote. Wengi waliokuwa pale kibarazani mioyo yao ilikuwa mizima. "Nikimlaza leo," alisema, "sina hakika kwamba nitamwamsha."

"Nilikosea nini?" aliuliza Mama Bosi.

"Hukukosea."

"Nilikuwa nashona mpaka mimba inafika mwisho. Kukaa vile, nimejikunja..."

"Hukukosea, mama. Hata ungelala kitandani miezi tisa." Akachukua miguu ya Bosi, akaikunja mpaka magoti yakagusa kifua. "Akilia akageuka rangi, mshike hivi. Usimkunjue mpaka rangi irudi. Halafu mpelekeni kwa madaktari wa moyo, hospitali kuu, msichelewe. Moyo wa aina hii ukitengenezwa mapema, mtoto anakua kama wenzake. Mdomo utashonwa baadaye."

"Baadaye lini?" Kinyozi aliuliza. "Kambi yenu inaondoka Ijumaa."

"Mdomo unaweza kusubiri, baba."

Walitoka kwa mlango wa nyuma, kwa sababu Kinyozi hakutaka kupita mbele ya Mlinzi.

Nyumbani hakuna aliyekaa. Kinyozi alizunguka sebule ile ndogo, akagonga kona ya cherehani, akailaani, akazunguka tena. Nje ya dirisha mteja mmoja alipita akauliza kwa furaha, "Vipi, amekubaliwa?" na Kinyozi akamjibu, "Mambo yanakwenda," akafunga pazia.

"Watu wote nimewaambia," alisema. "Wote."

"Waambie vingine," alisema mkewe.

"Niwaambie nini? Kwamba ana mdomo, na sasa ana na moyo? Watasema sisi ni watu gani?"

"Watasema tuna mtoto mgonjwa, Baba Bosi. Haraka haraka haina baraka. Tumpeleke huko tulikoambiwa."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Huko tulikoambiwa ni mbali, hakuna anayetujua, na si bure. Hapa ni bure, ni Jumatano." Akasimama, akashusha sauti. "Sikiliza. Wewe hukumwona nesi? Huyu alikuwa anapita vizuri kabisa. Kafutwa, rangi ikaonekana, ndipo wakaanza kutafuta. Kilichomwangusha ni rangi. Jumatano anakuwa daktari mwingine wa usingizi, Mlinzi mwenyewe aliniambia wanapeana zamu. Akiingia na rangi nzuri, atapita."

"Rangi nzuri ataitoa wapi?"

"Hiyo niachie mimi. Mimi kazi yangu ni nyuso za watu."

Alikuwa mtu mzuri, Kinyozi, hilo lisiwe na ubishi. Lakini miaka kumi na mbili alikuwa akiwapokea watu waliochakaa na kuwatoa wakiwa wamependeza, na hiyo ilimfundisha kwamba kinachoonekana kikitengenezwa, kilichobaki kitajipanga chenyewe. Wengi tunaamini hivyo, ila sisi hatuna mashine mkononi.

Mama Bosi alisema hapana. Alisema mara tatu, na mara zote tatu bibi hakumuunga mkono wala kumpinga, alikaa tu akisugua kidole chake cha bluu kwa ncha ya nguo. Tusidanganyane, naye Mama Bosi alitaka ule mdomo ushonwe. Alikuwa amekwisha kuiona siku hiyo kichwani mwake, anapita sokoni mchana kweupe, mtoto mgongoni hajafunikwa, na mtu anamwambia binti yako mzuri. Alijichukia kwa kuitaka hivyo. Usingizi haukuja, na asubuhi alishona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja, akaifumua.

Jumatano asubuhi alipeleka sare dukani. Mwenye duka alimchelewesha kwa maneno: kola hii imepinda, kifungo hiki ni cha rangi nyingine, na ule mzigo wa pili uko wapi? "Mtoto anaumwa," alisema. "Kila fundi mtoto wake anaumwa," alijibu mwenye duka, akaendelea kukagua vifungo kimoja kimoja. Alipotoka pale alikuwa karibu akimbie, na hakujua kwa nini.

Alimkuta bibi peke yake kizingitini, mikono mapajani.

"Bosi yuko wapi, mama?"

"Baba yake kamchukua. Amesema anamtoa tu kidogo."

"Na wewe ukamwachia?"

Mama Bosi alitupa mfuko wa sare chini na kugeuza njia.

Kibanda cha Kinyozi kilikuwa njiani kuelekea hospitali. Angekipita, lakini aliona mlango uko wazi na mvuke unatoka. Ndani, wateja wawili walikuwa benchini. Mmoja alikuwa amenyolewa nusu ya kichwa, nusu ya pili ina nywele bado. Kinyozi alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, Bosi mapajani, wakitazamana na kioo kikubwa chini ya taa zote. Beseni la maji ya moto lilikuwa pembeni. Alikuwa amemfunika mtoto mdomo na mashavu kwa taulo la moto, lile wanalofunikwa wanaume kabla ya kunyolewa ndevu ili ngozi ilainike na damu ije juu, na taulo lingine dogo alikuwa amemzungushia mikononi.

"Njoo uone," alimwambia mkewe kupitia kioo, kwa sauti ya ushindi. Akaondoa taulo. "Unaona rangi?"

Kwa kweli mashavu yalikuwa mekundu. Hata midomo, kwa muda wa kufumba na kufumbua, ilielekea kuwa na rangi ya midomo.

"Mlete huku," alisema Mama Bosi.

"Subiri nimpake mafuta kidogo..."

Bosi akaanza kulia. Hakupenda lile taulo, wala mwanga, wala sura zote zile zinazomtazama kwenye kioo. Alilia kwa hasira, akavuta pumzi, akalia tena, na kila kilio kilikuwa kifupi kuliko kilichotangulia. Wekundu ukaondoka. Bluu ikaanzia midomoni, ikaenda puani, ikazunguka macho, bluu ya kijivu, na hapakuwa na dawa yoyote pale ya kuilaumu. Kinyozi akachukua taulo akamfuta. Akafuta tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayefuta doa. Alikuwa hajawahi kuiona rangi ile ikienea hivyo. Miezi minane alikuwa akirudi jioni anakuta mtoto amekwisha kupakwa.

"Haitoki," alisema. "Mama Bosi, haitoki."

Mkono wa mtoto ukalegea. Mama Bosi alimnyakua, akapiga magoti sakafuni juu ya nywele za watu, akaikunja miguu yake mpaka magoti yakagusa kifua na kumbana hivyo mwilini mwake. Aliogopa kiasi kwamba hakuweza kuomba. Mashine ya kunyolea ambayo hakuna aliyeizima ilikuwa inatembea yenyewe juu ya meza kwa mtetemo. Mteja aliyenyolewa nusu aliinuka akaizima.

Kisha Bosi akavuta pumzi. Akavuta ya pili. Rangi ilirudi taratibu sana, na mama yake hakumkunjua hata iliporudi.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, ndala mguu mmoja na mguu wa pili mtupu. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi.

"Mimi nilijua," alisema.

Kinyozi aligeuka.

"Alikuwa mchanga bado. Mama yake alikuwa amekwenda kuoga. Akalia akageuka hivyo hivyo mikononi mwangu, nikadhani amekufa. Akarudi. Na wewe ulikuwa unakaribia kuingia." Alikuwa akimtazama mwanawe tu, kama wengine hawapo. "Nikampaka dawa. Ile ya utando. Usione."

"Kwa nini nisione, mama?"

"Ulipomwona siku ya kwanza ulilala humu kibandani wiki nzima. Ukasema kuna kazi nyingi. Kazi gani ya kunyoa watu usiku? Kwa mdomo tu, mwanangu, ulitukimbia. Ningekuletea na la pili?"

Taulo lilikuwa bado mkononi mwa Kinyozi, linadondosha maji kwenye viatu vyake. Mama Bosi alitaka kumchukia yule mama mkwe, na siku nyingine alimchukia kweli, lakini saa ile alimwona mzee wa watu amesimama na ndala moja, na hasira haikupata pa kukaa. Wote watatu walikuwa wamemfunika mtoto. Yeye kwa nguo, huyu kwa dawa, yule kwa taulo.

"Mnaongea nini tena?" alisema mteja aliyenyolewa nusu. "Nendeni. Hiki kichwa si mgonjwa."

Kioo kikubwa kiliuzwa kesho yake kwa kinyozi wa mtaa wa pili, pamoja na kiti. Bibi alibaki kulinda cherehani. Wao wawili walisafiri na Bosi kutwa nzima, mama akimlisha kijiko kila gari liliposimama, baba akitazama midomo yake bila kupepesa, kana kwamba akiacha kutazama ndipo itageuka. Hakumtania mtu njia nzima.

Hospitali kuu ilikuwa na korido ndefu ya watoto wa moyo. Mama Bosi alishangaa walivyokuwa wazuri. Alizoea ugonjwa kuwa kitu kinachokaa usoni, na hapa watoto walikuwa na nyuso za kuchora, macho makubwa, midomo iliyokamilika, ila ukitazama kucha unaona. Walimtazama Bosi, wakawauliza mama zao kwa sauti, mama zao wakawafinya.

Jirani yao wa benchi alikuwa mwanamke aliyemshika mkono mvulana wa miaka mitano hivi. Mvulana alikwenda kuchungulia dirishani, hatua chache tu, kisha akachuchumaa chini, akakumbatia magoti yake na kuhema. Alipopata nguvu aliinuka, akaongeza hatua, akachuchumaa tena. Mama Bosi alilifahamu lile kunjo. Mtoto alikuwa amejifundisha mwenyewe.

"Shuleni wamemchapa kwa hilo," alisema yule mwanamke. "Wanasema ni mvivu. Hata nyumbani walisema. Baba yake alikuwa anamlazimisha kukimbia ili azoee." Alimtazama Bosi. "Wako ana umri gani?"

"Miezi minane."

"Minane." Alirudia kama mtu aliyetajiwa bei. "Mligunduaje mapema hivyo?"

Kinyozi ndiye aliyejibu, na sauti yake ilikuwa ya chini, si ile ya kibandani.

"Ni mdomo, dada. Tulipeleka mdomo wakashone, wakasikia moyo."

Yule mwanamke aliutazama ule mdomo muda mrefu. Hakuutazama kwa huruma wala kwa kinyaa, na Mama Bosi, aliyezijua namna zote za kutazamwa, hakuitambua hii.

"Mna bahati," alisema hatimaye. "Mimi jana wameniambia ilitakiwa nimlete akiwa mdogo hivyo. Sasa mapafu yameshazoea vibaya. Madaktari wanakaa kikao, watanijibu kama bado atapasuliwa."

Mvulana wake alirudi kutoka dirishani, akamkaribia Bosi, akagusa lile pengo la mdomo kwa ncha ya kidole, na Bosi akajaribu kukinyonya kile kidole. Mvulana akacheka mpaka ikabidi achuchumae.

Mlango ulifunguliwa mwisho wa korido na nesi akaita namba yao. Kinyozi aliinuka haraka, akachukua mfuko, akanyoosha shati. Mama Bosi alibaki ameketi. Nesi aliita mara ya pili. Kufika kwenye mlango ule ilikuwa lazima apite mbele ya magoti ya yule mwanamke, na kwa mara ya kwanza tangu amzae Bosi aliona aibu kupita na mtoto wake mbele ya mama mwenzake, kwa sababu wake alikuwa na nafasi ya kupona.